Tangi Linalojijaza

Katika ufundi wote unaofundishwa vijana siku hizi, sijaona unaostahili sifa kuliko ule wa kuifanya nyumba ihisi, iamue na itende. Nausifu hasa pale unapofundishwa mezani, kwa bisibisi, waya na lehemu, huku kila kijana akigombea zamu yake.

Chukua tangi la maji, kero inayojulikana na kila mkazi wa Dar es Salaam. Likikauka, mtu hukimbilia swichi ya pampu. Akisahau kuizima, maji hufurika na uniti za umeme wa LUKU huteketea. Mwalimu mzuri huanzia hapo. Huwapa vijana kidhibiti kidogo cha ESP32, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na kihisi cha sauti, na ndoo ya maji badala ya tangi. Kihisi hutoa mlio usiosikika na masikio yetu, ukagonga uso wa maji na kurudi. Kwa kuwa sauti hewani huenda takriban mita 340 kwa sekunde, mwangwi uliorudi baada ya milisekunde 6 umesafiri kama mita 2, kwenda na kurudi. Basi maji yako mita 1 chini. Fizikia iliyokaririwa kwa ajili ya mtihani imepata kazi.

Utamu wenyewe umo katika hitilafu. Vijana huandika programu: maji yakishuka chini ya nusu, washa, yakifika nusu, zima. Wakiijaribu, rilei inalia tik-tik-tik bila kukoma, maana uso wa maji unachezacheza na kipimo kinapanda na kushuka papo hapo. Pampu halisi isingedumu kwa mwendo huo. Mwalimu analijua jibu, lakini anauliza tu: "Hebu yaangalieni maji, yanafanya nini?" Wanabishana, wanachora, mpaka mmoja anapendekeza alama mbili: iwashwe ikibaki robo, izimwe tangi likikaribia kujaa. Wahandisi wanaitumia kanuni hiyo kila siku. Aliyeifikia kwa jasho lake haisahau.

Panapo hatari, mwalimu huyo hanyamazi. Volti 3.3 na 5 ni za vijana. Volti 230 za ukutani huachiwa fundi umeme aliyesomea, nao hutazama kwa mbali na kujifunza kuziheshimu.

Kisha umeme huzimwa makusudi. Ukirudi, pampu ifanye nini? Na intaneti ikipotea, tangi litajaa? Hapo vijana huona kwamba uamuzi wa nyumba unafaa kukaa ndani ya nyumba, simu ikabaki ya kutazamia tu. Mwaka 2016 walionunua Revolv, kifaa cha Marekani cha kuendeshea nyumba, walikuta kimekuwa bure kwa sababu huduma iliyokitegemeza mtandaoni ilifungwa. Kijana aliyejenga mfumo wake anajua kila waya unakwenda wapi, na kikiharibika kitu atakifungua.

Ndiyo maana nawasihi wakuu wa shule na vyuo vya ufundi watenge meza moja, vifaa vichache na mwalimu mwenye subira. Vitaungua vipande kadhaa, na viungue. Vifaa vya nyumba janja vitaendelea kuingia madukani kwetu. Nataka viwakute vijana wanaoweza kuvihoji, kuvitengeneza, na kuunda vinavyofaa nyumba zetu wenyewe.