Mlenda wa Kukausha: Unapopoteza Lishe na Unapoilinda

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima mvua hiyo ni kama milimita 600 tu. Kwa miezi hiyo michache mashamba na mapori hujaa majani. Baada ya hapo, asiye na kisima cha kumwagilia hana budi kununua. Wagogo walilipatia jambo hili jibu zamani: mlenda, ambao wao huuita ilende, huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa, hutwangwa, kisha huliwa kiangazi chote kwa ugali wa uwele au mtama. Naitetea mbinu hii kwa moyo wote. Anayefikiri kula vizuri Dodoma ni lazima kuanzie kwenye karoti na kabichi zinazosafirishwa kutoka mbali anaruka chakula kilicho mlangoni kwake. Ila kuna mahali pawili ambapo mlenda hupoteza lishe bure, na pote panarekebishika bila gharama.

Pa kwanza ni kwenye kuanika. Mlenda si mmea mmoja. Mingine ni ya jamii ya Corchorus, mingine ni jamaa za ufuta. Majani yote hayo yana beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na beta-karotini huharibiwa na mwanga pamoja na hewa. Ukiyatandaza juu ya mwamba au bati juani, unaiunguza ile uliyoifuata porini. Kivuli ndicho dawa. Pwani, kwenye hewa nzito yenye unyevu, majani ya kivulini huweza kuota ukungu kabla hayajakauka. Dodoma mvua zikishakatika hewa ni kavu na upepo ni mwingi, hivyo majani yaliyotandazwa kwa tabaka jembamba kwenye chekeche au turubai safi, chini ya paa lenye kupitisha upepo, hukauka vizuri. Majani ya kunde yanafaidika zaidi yakipitishwa kwenye mvuke dakika mbili au tatu kabla ya kuanikwa, maana mvuke huzima vimeng'enya vinavyoendelea kula rangi na vitamini. Mlenda usiuchemshe kwanza. Utelezi wake utabaki majini, na utelezi huo ni nyuzinyuzi zenye faida tumboni.

Kwa anayenunua, rangi ndiyo shahidi. Unga wa kijani uliopooza kidogo ni mzuri. Uliogeuka kahawia umekaa juani au umezeeka. Sugua kidogo kati ya vidole uone kama una mchanga, kisha unuse: harufu ya ukungu ikiwepo, acha. Nyumbani uhifadhi kwenye chombo kikavu kisichopitisha mwanga.

Pa pili ni magadi. Wapishi wengi hutia magadi ili majani yalainike haraka, rangi ibaki na mlenda uvutike. Kazi hiyo magadi huifanya kweli, lakini huharibu vitamini B1 na vitamini C, na huongeza sodiamu kwenye chakula ambacho tayari kina chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na mwenye shinikizo la damu ana sababu kubwa zaidi ya kuwa mwangalifu. Twanga majani yawe laini sana, tia unga kwenye maji yanayochemka, pekecha kwa nguvu, uepue baada ya dakika chache. Majani yaliyotwangwa vizuri huiva upesi bila magadi, au kwa chembe tu.

Karanga zinazotiwa kwenye mlenda sitaki ziondolewe. Beta-karotini huhitaji mafuta ili iingie mwilini, na karanga zilizosagwa huyaleta pamoja na protini. Aliyekosa karanga atie kijiko cha mafuta ya alizeti, zao ambalo kanda hii ya kati inalo. Chagua tu karanga nzima, kavu, zisizosinyaa wala kuwa na madoa ya ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na karanga nazo hushikwa na sumu hiyohiyo. Kukaanga hakuiondoi yote.

Kuna upungufu mmoja ambao mlenda mkavu hauwezi kuuziba: sehemu kubwa ya vitamini C imeshapotea, nayo ndiyo inayousaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na nafaka. Ndimu haifai ndani ya sufuria hii, kwa sababu uchachu hukata utelezi. Lakini mibuyu imejaa Mpwapwa, Kongwa na Dodoma kwenyewe, na unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa la uzito uleule. Unywe pamoja na mlo, mahali pa chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa. Na tafadhali usiuchemshe: loweka kwenye maji ya uvuguvugu, ufikiche kwa mikono safi, uchuje.