Neno "Maadili" na Sanaa Isiyoonyeshwa: Kutoka Rafiki hadi Butere

Utangulizi

Tarehe 10 Aprili 2025, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere, katika kaunti ya Kakamega, walipanda jukwaani huko Nakuru, penye tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo. Mchezo waliokuwa wameufanyia mazoezi uliitwa Echoes of War. Hawakuuigiza. Mtungaji wake, Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega, alikuwa amekamatwa usiku uliotangulia, na nje polisi walitumia gesi ya kutoa machozi. Wasichana hao, bila mwelekezi wao na bila hadhira iliyostahili, waliimba wimbo wa taifa, kisha wakatoka.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi kazi za sanaa zinavyohukumiwa nchini Kenya kabla ya kuonyeshwa, na hasa msamiati unaotumiwa katika hukumu hizo. Mkasa wa Butere ulihusu siasa. Hata hivyo, hauwezi kueleweka vizuri bila kutazama kwanza kazi zilizozuiwa kwa sababu ya kugusia mapenzi na jinsia, kwa kuwa ni katika kazi hizo ndipo hoja ya "maadili" na hoja ya "mtoto" zilipopata nguvu zake za hivi karibuni.

Kazi zilizozuiwa kwa ajili ya mapenzi

Mwezi Juni 2017, Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya iliagiza kwamba vipindi sita vya katuni viondolewe katika televisheni ya kulipia. Miongoni mwake vilikuwamo The Loud House, Steven Universe na Adventure Time. Sababu iliyotolewa ni kwamba vipindi hivyo viliwafundisha watoto mapenzi ya jinsia moja. Mwaka uliofuata, mwezi Aprili 2018, Bodi hiyohiyo ilipiga marufuku filamu ya Rafiki, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu. Marufuku hiyo ilitolewa wiki chache kabla ya filamu kuonyeshwa Cannes, ambako ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa katika tamasha lile. Watazamaji wa nje waliiona kabla ya wale ambao lugha yao imo ndani yake.

Rafiki imetokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iitwayo "Jambula Tree", iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Inasimulia habari za wasichana wawili wa mtaa mmoja wa Nairobi, Kena na Ziki, wanaopendana. Jambo ambalo halikutiliwa maanani sana katika mjadala ni kwamba baba zao wawili ni wapinzani katika uchaguzi. Mapenzi yale yanatisha kwa sababu yanavuka mpaka wa jinsia, na pia kwa sababu yanavuka mpaka wa kambi za kisiasa. Aliyeisoma filamu hii kama mahubiri ya mapenzi peke yake ameiacha nusu yake.

Jina lenyewe lina uzito wa kilugha. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika viwakilishi, wala katika majina kama "mpenzi", "mwenzi" na "rafiki". Msemaji anaweza kumtaja ampendaye kutwa nzima bila kufichua jinsia yake. Kahiu ameeleza kwamba jina la filamu limetokana na desturi ya wapenzi wa aina hii kulazimika kutambulishana mbele za watu kama marafiki tu. Kwa hiyo neno linalositiri ndilo lililofanywa kuwa anwani. Hapa fani na maudhui vimeshikana barabara.

Bodi, kwa mujibu wa mwelekezi huyo, ilitaka mwisho wa filamu ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Jambo hili lastahili kuangaliwa na kila mhakiki. Anayedai msuko ubadilishwe ili wahusika waadhibiwe amekwisha kuacha kazi ya kuainisha na kuingia katika kazi ya kutunga. Mwezi Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba, na watu wakajaa katika majumba ya sinema. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliikubali tena marufuku ile.

Mtoto wa kulindwa na mtoto wa kunyamazishwa

Katika mikasa hii hoja hujengwa juu ya mtoto. Haipasi kuidharau hoja hiyo. Mtoto ana haki ya kulindwa, na mzazi ana haki ya kujua mwanawe anatazama nini. Lakini ulinzi huo una chombo chake, nacho ni uainishaji kwa umri, kazi ambayo Bodi imepewa jina lake. Kumwambia mtoto wa miaka kumi asitazame ni jambo moja. Kumkataza mtu mzima wa miaka arobaini ni jambo jingine. Hoja inayoanza kwa mtoto na kuishia kwa mtu mzima imeteleza njiani.

Huko Butere hoja hiyo ilichukua sura mpya. Mtoto hakuwa tena mtazamaji, alikuwa mwigizaji. Waziri wa Elimu alihoji kwa nini mwanasiasa awafundishe wanafunzi mchezo. Swali hilo ni la haki, na historia ya Malala katika siasa yalifanya lisikwepeke. Hata hivyo, jibu lake lilipaswa kutafutwa ndani ya mchezo, unaosimulia taifa la kubuni linalojijenga upya baada ya vita na vijana wanaotilia shaka uongozi wake. Je, wahusika wana uhai wao, au ni vipaza sauti vya mtungaji? Hilo ni swali la uhakiki, na hujibiwa na mtu aliyekwisha kuutazama mchezo. Gesi ya machozi hailijibu.

Wala hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 shule hiyohiyo ilizuiwa kuigiza Shackles of Doom, mchezo wa Malala kuhusu ugawaji mbaya wa mali ya nchi. Jaji David Majanja aliuruhusu, akieleza kwamba sanaa haikuwekwa kufurahisha tu; yapasa pia iisumbue dhamiri. Mwaka 2025 vilevile mahakama iliagiza wasichana waruhusiwe. Tofauti ni kwamba mara hii amri ilitekelezwa kwa namna iliyouacha mlango wazi na jukwaa likiwa tupu.

Asili ya neno

"Maadili" ni neno la mzizi mmoja na "adili" na "uadilifu", nalo kwa asili yake ya Kiarabu lahusu haki na usawa. Mwadilifu ni mtu atoaye haki, hata kwa asiyempenda. Katika mijadala ya marufuku neno hili limepunguzwa hadi likabaki na maana ya staha ya mwili, na baadaye utii kwa wakubwa. Ndiyo maana liliweza kuhama kwa urahisi kutoka chumba cha wapendanao hadi jukwaa la shule. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, na mambo inayoyatenga ni kama vile uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Matumaini ya wapendanao hayamo katika orodha hiyo, wala maswali ya vijana kwa watawala.

Hitimisho

Kazi isiyoonyeshwa humwacha mhakiki na marufuku peke yake. Hana budi basi aisome marufuku kama asomavyo matini nyingine, apime maneno yake, na ayarudishie maana iliyopunguzwa.

Na ule wimbo wa wasichana wa Butere uhesabiwe kuwa sehemu ya matini hiyo. Mchezo wao uliandikwa kwa Kiingereza. Kilichosikika Nakuru badala yake ni wimbo wa taifa, ambao ni dua, na haki ni mojawapo ya mambo yanayoombwa humo. Muziki wake, kabla ya kuchukuliwa na taifa mwaka 1963, ulikuwa wa mama wa Kipokomo akimbembeleza mwanawe. Wasichana walioambiwa kwamba wanalindwa kwa kuwa ni watoto waliimba wimbo wa kubembelezea mtoto, wakiwa wima, mbele ya viti vitupu.