Antena Kwanza, Skrini Baadaye: Redio za Ndege ya Kujiundia katika Anga la Ituri

Mwulize mtu anayejiundia ndege amefikia wapi, atakufunulia kwanza mchoro wa dashibodi: skrini mbili, redio katikati, swichi zimepangwa safu moja. Mwulize antena ya transponda, kifaa kinachoijibu rada, itakaa wapi, atakuambia hilo litaangaliwa baadaye. Gharama yote iko kwenye hiyo baadaye. Mkia ukishapigwa ribiti, mkono haufiki tena pale kebo ilipotakiwa kupita, na antena iliyokosa mahali pake hubandikwa popote penye nafasi.

Bara letu linao mfano. Katikati ya 2019 vijana wa Afrika Kusini waliruka kutoka Cape Town hadi Cairo, safari ya km 12,000, kwa Sling 4, ndege ya viti vinne waliyoiunganisha wenyewe kutokana na vipande vya kiwanda cha The Airplane Factory. Njiani walitua Malawi, Zanzibar, Uganda na Ethiopia. Mwanzilishi wa mradi, Megan Werner, aliyekuwa na miaka 17 wakati huo, alipoeleza taabu za safari alitaja mafuta ya ndege waliyoyakosa Addis Ababa, breki iliyovuja, na vifaa vya elektroniki vilivyowasumbua. Walikuwa na ndege ya pili ikiwasindikiza. Sasa tuichukue ndege ya namna hiyo, ya bati la alumini na injini ndogo ya Rotax, tuilete Bunia, katika Ituri, mashariki mwa Kongo, iruke peke yake. Mpango wa antena ubadilike vipi?

Tuanze na ardhi yenyewe. Kiwanja cha Bunia kiko karibu m 1,230 juu ya usawa wa bahari. Mashariki yake inasimama Milima ya Bluu, kisha ardhi inaporomoka hadi Ziwa Albert, lililoko chini kwa zaidi ya m 600. Magharibi ni msitu, kupita Mambasa mpaka Kisangani, takriban km 550 kwa mstari wa ndege. Goma iko karibu km 375 kusini. Redio ya kawaida ya ndege, VHF, hutumia masafa ya megahezi 118 hadi 137, na mawimbi yake hayapindi kufuata mlima wala mviringo wa dunia. Rubani aliye futi 1,500 juu ya nchi tambarare husikika umbali wa kama km 88. Akipanda hadi futi 5,000 atafika kama km 160. Weka kilima katikati, hesabu hiyo inakufa. Kwa hiyo VHF ni ya kuzungumza na mnara na ndege zilizo jirani. Ndege ya Ituri inahitaji njia nyingine ya kusikika ikiwa juu ya msitu.

Zamani njia hiyo ilikuwa HF, redio ambayo wanavijiji, misheni na hospitali za Ituri wanaiita foni. Mawimbi yake hupanda, yakagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini, hata nyuma ya mlima. Masafa ya chini, kama megahezi 3 hadi 8, yanafaa sana kwa umbali wa km mia moja hadi mia nne, na huo ndio umbali wa shughuli nyingi za Ituri. Mchana unatumia masafa ya juu zaidi, usiku unashuka. Ndege ndogo za misheni, zikiwamo za shirika la MAF lililokuwa na kituo Nyankunde na ambalo leo huruka kutoka Bunia, zimeitegemea redio hii kwa miongo mingi katika nchi zisizo na rada.

Taabu ya HF ni ukubwa wa antena yake. Kwa megahezi 5, robo ya urefu wa wimbi ni m 15, wakati mabawa ya Cessna 206 kutoka ncha hadi ncha hayafiki hata m 11.5. Ndiyo maana unaona waya mrefu ukitoka kwenye ncha ya bawa kwenda kwenye mkia, na ndani kuna kisanduku cha kuulinganisha na kila masafa. Waya huo unavuta upepo, unaongeza uzito, na mvua ikiupiga unajaa kelele za umeme.

Taabu ya pili ni umeme, na hapa ndipo mipango mingi ya wajenzi hukosea. Jenereta ya ndani ya Rotax 912 hutoa wati 250 injini ikizunguka kwa kasi ya juu, yaani kama ampea 18. Ndani ya hizo kuna skrini, transponda, VHF, pampu ya mafuta, taa na chaji ya betri. Redio ya HF ya wati 100 hunyonya karibu ampea 20 sauti inapopanda. Ukizungumza kwa ufupi, betri itabeba pengo. Ukirudia ujumbe mara kumi kwa sababu upande wa pili hausikii, utatua ukiwa na betri iliyochoka. Cessna yenye altaneta ya ampea 60 haina shida hiyo. Maoni yangu ni kwamba HF haina mahali kwenye ndege ya Rotax; iachiwe ndege kubwa zaidi na watu wa chini.

Badala yake weka kifaa cha setilaiti. Mtandao wa Iridium una setilaiti 66 zinazozunguka dunia nzima, na kifaa kidogo cha kutuma mahali ulipo na ujumbe mfupi hakili hata ampea moja. Lakini nacho kina masharti. Kinatuma karibu na megahezi 1,620, na GPS inasikiliza megahezi 1,575.42, tena inasikiliza kwa sikio dhaifu sana kwa sababu setilaiti zake ziko zaidi ya km 20,000 juu. Antena hizo mbili zote zinataka kuona mbingu, na bado hazitakiwi kukaa bega kwa bega. Moja iende mbele, juu ya dashibodi chini ya kioo, kwa kuwa kioo cha plastiki hakizuii mawimbi. Nyingine iende nyuma ya kabini.

VHF nayo huiumiza GPS, kwa njia ambayo wajenzi wengi hawaitarajii. Ukizidisha megahezi 121.15 mara 13 unapata 1,574.95, ukizidisha 131.3 mara 12 unapata 1,575.6. Maana yake ni kwamba redio ikituma kwenye masafa hayo, mabaki ya sauti yake yanaangukia kwenye mlango wa GPS. Dawa ni umbali: angalau sentimita 60 kati ya antena ya VHF na ya GPS, na zaidi kama nafasi ipo.

Kwa VHF yenyewe, robo ya wimbi ni kama sentimita 59, na fimbo hiyo inahitaji bati chini yake la kuakisi. Bodi ya alumini inatoa bati hilo bure. Mjenzi wa faibaglasi analazimika kubandika mikanda ya shaba ndani ya ngozi ya ndege, ila naye ana faida yake: anaweza kuzika antena nzima ndani ya bawa. Jim Weir wa California alifanya hivyo kwa ndege za Burt Rutan miaka ya 1970, kwa utepe wa shaba na vipete vya feraiti. Nyuzi za kaboni hazikubali mchezo huo, kwa sababu huzuia mawimbi kama bati linavyoyazuia.

Vitabu vingi vinapendekeza VHF iwekwe tumboni, kwa kuwa ukiwa angani mnara uko chini yako. Kwa viwanja vya nyasi na kokoto vya Ituri napinga. Antena ya tumboni itavunjwa na jiwe linalorushwa na gurudumu, au itafichwa na nyasi wakati ule ule unapotaka kuzungumza kabla ya kuruka. VHF iwe juu. Tumbo libaki la transponda, ambayo kijiti chake hakifiki hata sentimita 7, kiwekwe mbali na njia ya matope ya magurudumu na mbali na miguu ya abiria.

Kebo nayo isipuuzwe. Kebo ya televisheni inayouzwa sokoni ni ya omu 75. Redio za ndege zinataka 50. Ile ya televisheni inafanana na ya ndege kwa macho, inaingia kwenye kiunganishi ukiilazimisha, na inarudisha sehemu ya nguvu kwenye redio. Kebo ya RG-400, ya omu 50, yenye ngao mbili na ganda lisilotoa moshi mzito wa plastiki ya kawaida, ni ghali, lakini ndege ndogo inahitaji mita chache tu.

Kifaa cha dharura cha megahezi 406 kikae nyuma, antena yake ikisimama wima juu ya bodi, karibu nacho kabisa. Kebo isivuke mahali ambapo ndege huvunjika ikianguka, kwa sababu kisanduku kinachopiga kelele kupitia kebo iliyokatika hakisikiki na mtu. Kile cha zamani cha 121.5 peke yake hakina maana juu ya msitu: setilaiti ziliacha kukisikiliza tarehe 1 Februari 2009. Hicho cha 406 kisajiliwe pia, maana kikilia bila jina waokoaji hawajui wanamtafuta nani.

Na dira ya sumaku isitolewe. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuvurugwa kwa GPS katika Kivu Kaskazini, jirani wa Ituri. Kihisi cha sumaku cha skrini kipelekwe kwenye ncha ya bawa, mbali na chuma na nyaya za taa zinazowaka na kuzima.

Kabla ya kufunga bati la mwisho, pima kila antena: mrejesho wa nguvu usizidi uwiano wa 2 kwa 1. Kisha, kwa ruhusa ya mnara, tuma kwenye 121.15 na 131.3 kwa zaidi ya nusu dakika kila moja huku mwenzako akihesabu setilaiti kwenye skrini. Zikipungua, sogeza antena wakati bado mkono unafika. Na kama mfuko unaruhusu skrini mbili, nunua moja. Pesa ya ile ya pili inunue kifaa cha setilaiti, RG-400 na betri ya akiba.