Yai Bichi la Ramona

Katika kitabu cha Beverly Cleary kilichotoka mwaka 1955, Ramona Quimby, mwenye miaka minne, anakutwa chini ya nyumba na sanduku la matufaha. Kila tunda limeng'atwa mara moja, likaachwa. Akiulizwa, jibu analo: tunda huwa tamu zaidi unapoling'ata mara ya kwanza. Kwa mama ni hasara. Kwa Ramona ni hesabu iliyokaa sawa. Katika kitabu cha mwaka 1968 anaanza chekechea, na mwalimu anamwambia akae pale kwa sasa. Kiingereza hutumia neno moja kwa "sasa" na kwa "zawadi", basi Ramona anaganda kitini, hata wenzake wanapoinuka kucheza, akingoja zawadi yake. Kwa yale anayoyajua hajakosea hata hatua moja, na ndiyo maana kicheko chetu hakimdhalilishi. Kumcheka mtoto ni rahisi. Kuifuata akili yake hatua kwa hatua, mpaka msomaji akiri kwamba naye asingebanduka pale, ni kazi ya fundi.

Kabla ya kuandika, Cleary alikuwa mkutubi mjini Yakima, jimbo la Washington, ambako wavulana walimwuliza viko wapi vitabu kuhusu watoto kama wao. Akawajibu mwaka 1950 kwa kitabu cha Henry Huggins, mvulana wa mtaa wa Klickitat, mtaa ambao upo kweli Portland, Oregon. Katika kitabu hicho hamna hazina iliyofukiwa wala mfalme aliyerogwa.

Sisi tuliozoea hadithi zinazofungwa kwa funzo, na vitabu vya darasani vyenye maswali mwishoni, tuna haki ya kuuliza mtoto anaondoka na nini zaidi ya kucheka. Nitamjibu mwenye swali kwa yai. Katika kitabu cha mwaka 1981 Ramona ana miaka minane, na shuleni kwao umeingia mtindo wa kupasua yai la kuchemsha kwa kuligonga kichwani. Mama, katika pilikapilika za asubuhi, amemfungia bichi. Analigonga mbele ya wenzake, na ute unamtiririka nyweleni. Hapo tunacheka sana. Kisha, akiwa ofisini kusafishwa, anamsikia mwalimu wake akisema kwamba yeye ni msumbufu na mpenda kujionyesha. Cleary hawahubirii walimu wachunge ndimi zao. Anabaki na Ramona, ambaye baadaye akishikwa na kichefuchefu darasani anaogopa hata kunyoosha mkono, asije akawa msumbufu tena. Mtoto anayesoma hapo anajifunza jambo ambalo swali la mwisho wa sura lisingeweza kumfunza: kwamba aibu yake ndogo, ambayo wakubwa wameshaisahau, mtu mwingine ameipima na kuikuta ni nzito.

Wengine husema wepesi huu ni anasa ya watoto walioshiba. Wasome kitabu cha mwaka 1977, ambamo baba anaachishwa kazi na nyumba nzima inajaa ukali wa watu wenye wasiwasi. Cleary haleti machozi ya sinema. Anamwacha Ramona na dada yake waanze kampeni ya kumwachisha baba sigara, matangazo yakibandikwa huku na huko, kwa sababu ajira ya baba haimo mikononi mwa mtoto, ila mapafu ya baba anaona anaweza kuyapigania.