Hukumu ya Ubunifu na Sikio la Mhakiki: Mgogoro wa Ushairi wa Kiswahili

Diwani ya Euphrase Kezilahabi, Kichomi, ilipochapishwa mwaka 1974, mjadala uliofuata haukuhusu sana iwapo tungo zake zilikuwa nzuri au mbaya, bali iwapo zilikuwa mashairi. Maswali haya hayalingani. La kwanza humlazimu mhakiki kuisoma kazi. La pili humruhusu kuihukumu kwa kulitazama umbo tu. Makala haya yanadai kwamba katika mgogoro huo mazoea ya msomaji yalivishwa joho la kanuni.

Kwa wanamapokeo, shairi ni wimbo. Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alifafanua sanaa iliyokwisha kukita masikioni: mshororo wa mizani 16, vina vya kati na vya mwisho, na kituo cha kupumzishia sauti. Sikio lililolelewa hivyo lisipokutana na kina, husikia pengo. Kwa upande wa pili, msomaji aliyezoea kusoma kimyakimya huliona shairi ukurasani; kwake lugha ya mazungumzo aliyoitumia Kezilahabi ni ukaribu wa mtu na mawazo yake, wala si upungufu. Kinachoitwa ubunifu na huyu huitwa uvivu na yule, ilhali matini ni ile ile.

Hata hivyo, pande zote mbili zilivuka mpaka. Wanausasa waliodai kuwa arudhi humfunga msanii walipaswa kwanza kuijibu Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa gerezani kati ya mwaka 1969 na 1972. Katika "Siwati", uthabiti wa umbo unaafikiana na uthabiti wa nafsineni asiyeuacha msimamo wake. Kuvunja vina hapo kungeidhoofisha maana. Nao wanamapokeo walioona ushairi huru kuwa zao la bara na vyuo walijibiwa na Chembe cha Moyo (1988) ya Alamin Mazrui, mzawa wa Mombasa aliyewekwa kizuizini mwaka 1982. Mji mmoja na mateso yanayokaribiana yamezaa maumbo mawili tofauti. Basi si asili ya mtunzi wala uzito wa dhamira unaoamua umbo peke yake.

Haifuati kwamba kila hukumu ni sawa na nyingine. Tarbia iliyotimiza mizani yote yaweza kuwa ganda tupu, na utungo huru waweza kuwa nathari iliyokatwakatwa. Linalotakiwa ni mhakiki kuutaja mzani wake kabla ya kupima, kisha kuonyesha ndani ya matini umbo linafanya kazi gani. Asiyefanya hivyo huwa ameeleza jinsi sikio lake lilivyolelewa. Shairi lenyewe bado hajalihakiki.