Bi. Amandina Lihamba na Kimya cha Binti Zetu



Katika nyumba zetu nyingi za pwani, akitajwa mwanamke mwigizaji nyuso hukunjamana. Mmoja husema kwamba ameacha haya. Wa pili husema kwamba kazi yake ni upuuzi. Wa tatu angesema zaidi, lakini televisheni imekwisha washwa na mchezo wenyewe ndio unaanza. Hivyo tunamlaumu mwigizaji kwa mdomo na kumkaribisha kwa macho, usiku baada ya usiku. Mwenendo huu hautufai. Ni afadhali tuipime kazi ya kila mmoja, tuseme lipi jema na lipi lina kasoro, kuliko kuhukumu kwa jumla na kisha tukatazama kila kinachopita.

Kwa mizani hiyo natupime leo kazi ya Bi. Amandina Lihamba. Alizaliwa Morogoro mwaka 1944, akasoma na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1985 akapata shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti wake juu ya siasa na michezo ya kuigiza nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Ameandika michezo, ameiongoza, na yeye mwenyewe amepanda jukwaani na kuigiza katika filamu. Shahada na sifa tuziweke kando. Swali letu ni moja: jukwaa amelitumia kwa kazi gani?

Tuanze na "Hawala ya Fedha", mchezo wake uliotoka mwaka 1980 kutokana na kisa cha Sembène Ousmane wa Senegal. Katika kisa hicho yumo Ibrahima Dieng, Mwislamu wa Dakar mwenye wake wawili, watoto wengi na asiye na kazi. Mpwa wake aliyeko Paris anamletea hawala. Posta wanamtaka kitambulisho. Kitambulisho nacho kinataka cheti cha kuzaliwa. Na kila mlango anaobisha kuna mtu aliyetanguliza mkono. Majirani nao wanakuja kukopa kabla hata fedha hazijatoka. Dieng ana majivuno yake, wala hafichiwi. Lakini dhuluma inayofichuliwa ni ya wajuao kusoma dhidi ya wasiojua. Nani kati yetu, Tanga au Lamu, hajamwona mzee wake akihangaishwa hivyo kwenye dirisha la ofisi? Kwa kulichagua jambo hili na kulileta katika Kiswahili, Bi. Lihamba alionyesha mapema kwamba anawatafuta watu wasiosikilizwa.

Na hapa, ndugu msomaji, nakuomba tusafiri bara. Ukitoka mjini Shinyanga kwenda Mwanza utapita Maganzo, mji mdogo wa wilaya ya Kishapu uliokua jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Huenda una ndugu au mkwe aliyekwenda huko kutafuta riziki. Mgodi huo ulianzishwa na John Williamson mwaka 1940, na mwaka 1947 ilichimbwa almasi ya waridi ya karati 54 na nusu, akatunukiwa Elizabeth wa Uingereza, binti wa mfalme, kwa ajili ya harusi yake. Dunia nzima ikalijua jiwe la Mwadui. Lakini binti wa Maganzo je, nani amejua habari zake? Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Shinyanga, katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24, wanawake 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Hakuna mkoa mwingine uliofikia hesabu hiyo. Na penye machimbo pana fedha ya haraka na wageni wengi, na msichana wa shule ndiye wa kwanza kunaswa.

Bi. Lihamba hakulitazama jambo hili kwa mbali. Katika miaka ya 1982 na 1983, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu, Bi. Penina Muhando Mlama na Bw. Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba, katika Usukuma huo huo, kwenye reli ile ile ipitayo Shinyanga kwenda Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha andikwa. Walikaa na wanakijiji wakawauliza taabu yao ni nini, na mimba za wasichana ikawa mojawapo ya taabu zilizotajwa. Wanakijiji wenyewe wakaigiza, kwa ngoma na nyimbo za kwao, na baada ya kuigiza wakajadiliana. Tazama tofauti iliyopo. Mchezo wa televisheni hukuonyesha binti aliyeharibikiwa ili ulie, kisha ulale. Mchezo wa Malya ulimtaka baba aliyeketi pale ajibu.

Mwaka 1996 yeye na Bi. Mlama wakaanzisha mpango walioupa jina la Tuseme. Wasichana wa sekondari hutaja wenyewe yanayowazuia kusoma, huyachambua, huyatungia mchezo, kisha huwaonyesha walimu wao. Baadaye mpango huo ulivuka mipaka ukaingia nchi nyingine za Afrika. Jina lake linatosha kueleza: tuseme.

Sasa tuje kwenye filamu, maana humo ndimo uigizaji wake unapoonekana vizuri. Katika "Maangamizi", ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar, Bi. Lihamba ni Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye hasemi tangu msiba uliompata alipokuwa mtoto. Mtu aliyetumia umri wake kuwafundisha wengine kusema, hapa amepewa nafasi ya kunyamaza! Na ndipo utajua kwamba anaijua kazi yake. Hapigi mayowe, wala hajirushi chini kama tulivyozoeshwa. Mtazamaji anatambua kwamba kimya kile kimejaa maneno yaliyozuiwa.

Kasoro nayo tuitaje. Filamu hiyo inamtafutia Samehe uponyaji kwa roho za mababu, na njia hiyo sisi hatuifuati; mzazi anayeitazama pamoja na watoto wake hana budi kuwaeleza. Hali kadhalika, kuchanganyika kwa wanaume na wanawake jukwaani kuna mipaka yake kwetu, na sifa ya mchezo haiifuti. Lakini kasoro hizi zisitufanye tuliache funzo lililomo, kwani funzo lenyewe linatugusa sisi kuliko wengi.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kumtaka idhini binti anapoozwa. Najua utaniambia: kimya chake ndiyo idhini yake. Naam, ni kweli. Lakini kimya cha haya si sawa na kimya cha hofu. Binti aliyelelewa akisikilizwa, akinyamaza siku ya kuposwa, kimya chake kina maana, kwa sababu angeweza kukataa na anajua kwamba angeweza. Binti ambaye hajapata kuulizwa lolote tangu azaliwe, kimya chake kinakuambia nini? Hicho ni kimya cha Samehe. Nasi tumekitafsiri mara ngapi kuwa ni ridhaa?

Wala kusema si uasi. Khawla binti Thaalaba alikwenda kwa Mtume kumlalamikia mume wake, akajadili, hakunyamaza. Malalamiko yake yalisikiwa na Mola wake, na sura ya 58 ya Kitabu chetu, Al-Mujaadila, ikapata jina kwa mjadala wake. Basi mzazi anayedhani kwamba heshima ya nyumba ni binti asiyefungua mdomo, amejifunza wapi?

Mwezi wa Novemba 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana walioacha masomo kwa sababu ya mimba warudi shule. Mlango huo umefunguliwa, lakini sheria haiwezi kuingia chumbani kumwuliza binti nani amemfanyia hivyo, wakati wazee wamekwisha malizana na mhusika kwa fedha au kwa ng'ombe. Hata Tuseme hukomea kwenye geti la shule. Huu ndio mpaka wa jukwaa. Mwigizaji anaweza kukuonyesha binti asiyesikilizwa. Kumsikiliza ni kazi yako.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Bi. Lihamba tumpe haki yake: jukwaa hakulifanya duka. Na usiku wa leo televisheni ikiwashwa, na mwigizaji akalia kwa ajili ya msichana wa kubuni, mtazame aliyeketi mkekani karibu nawe. Punguza sauti, umwulize ya shuleni. Kisha nyamaza wewe.

Wabillahi tawfiq.