Anza Nyuma, Kwenye Tangi

Kwenye maonyesho ya magari ya zamani nimeona Peugeot 504 iliyong'olewa kabureta na kufungwa injeksheni ya kielektroniki ikipewa zawadi ya kwanza. Boneti ilikuwa wazi, mipira ya mafuta imevikwa wavu wa chuma, viungio vya bluu na vyekundu vinameta, skrini imebandikwa juu ya dashibodi. Majaji waliangalia, wakapiga picha, wakasifu. Hakuna aliyeinama kutazama nyuma ya gari. Niliinama mimi. Pampu ya shinikizo ilikuwa imefungwa juu kuliko usawa wa tangi, inavuta mafuta kwa paipu ile ile ya kiwandani iliyowekwa kwa ajili ya kabureta. Kazi hiyo ni mbovu, na inaniuma kuona vijana wanaojifunza ufundi wakiambiwa waige.

Anayejua haanzi kwenye boneti. Anaanza kwenye tangi.

Kabureta ina bakuli lenye boya. Gari likikata kona kali, mafuta yakakimbilia upande mmoja wa tangi na paipu ikanyonya hewa kwa muda mfupi, injini haina habari. Inakunywa akiba iliyomo bakulini. Ndiyo sababu matangi mengi ya miaka ya 1960 na 1970 ni matupu ndani, hayana kizuizi wala kikombe. Injeksheni haina bakuli hilo. Nozeli zinataka mafuta ya shinikizo la baa 3 hivi, ilhali pampu ya kabureta ilisukuma chini ya nusu baa, na zinayataka bila kukatika. Pampu ikimeza hewa, shinikizo linaporomoka papo hapo, mchanganyiko unapungukiwa mafuta, injini inakohoa katikati ya kona. Pampu yenyewe, ambayo hupozwa na mafuta yanayopita ndani yake, inaanza kuungua.

Kisha linafuata lile ambalo wengi hawalitambui kabisa. Kompyuta nyingi za siku hizi hujirekebisha zenyewe. Sensa ya lambda kwenye ekzosi inapoona hewa imezidi, kompyuta haijui kwamba tangi limekauka upande mmoja. Inadhani hesabu yake ilikuwa ndogo, inaongeza mafuta na kuyaandika kwenye jedwali lake. Baada ya siku chache gari linatoa moshi mweusi hata kwenye barabara iliyonyooka. Fundi anafungua laptopu, anapunguza hapa, anaongeza pale. Atapunguza na kuongeza mpaka achoke, kwa sababu ugonjwa hauko kwenye namba.

Dawa inajulikana: kikombe cha lita moja au mbili ndani ya tangi, au kitangi kidogo pembeni kinachojazwa na pampu ndogo, na pampu kubwa ivute kutoka chini yake. Paipu ya kurudishia mafuta iishie humo humo, na mdomo wake uwe chini ya usawa wa mafuta. Ukimwaga kutoka juu unatengeneza povu, na povu ni hewa.

Nilimfahamu fundi mmoja mzee pale Gerezani, Dar es Salaam, ambaye hakukubali kuagiza kompyuta kabla hajashusha tangi. Alilisafisha, akalijaza maji mpaka karibu na pale anapochomelea ili mvuke wa petroli usimlipue, akaweka kikombe chake chenye tundu dogo chini. Gari likiisha alilikabidhi likiwa na robo tangi tu. Akamwambia mwenyewe aende akazunguke kipilefti mpaka aone kizunguzungu, injini isipokohoa ndipo arudi kulipa.

Wababaishaji hufanya kinyume. Wanakukabidhi gari likiwa limejazwa mafuta hadi shingoni, nawe unaona umetendewa ukarimu. Tangi lililojaa linaficha kila kitu. Utasifia wiki nzima, utawapigia debe kwa marafiki, kisha siku moja unapandisha mlima wa Kitonga nyuma ya malori na mshale umeshuka, na hapo fedha zako zimeshaliwa.

Mengine nitayataja upesi. Nyaya za ethi za sensa zikutane mahali pamoja kwenye bloku ya injini, zisifungwe kwenye bodi yenye rangi. Pampu izime injini inapozima, hata kama ufunguo uko kwenye "on". Gari lililopata ajali halipaswi kuendelea kumwaga petroli. Kompyuta isome gurudumu la meno kwenye krenkishafti, si distribyuta kuukuu yenye shafti inayocheza. Ekzosi isivuje popote kabla ya lambda.

Kisafisha hewa cha asili kibaki. Viungio viwe vyeusi. Skrini haina nafasi kwenye dashibodi ya 504. Na nozeli ziwe nne, kila silinda na yake. Chombo kimoja kilichokalishwa mahali pa kabureta ya Solex sikihesabu kuwa injeksheni. Afadhali uisafishe Solex yako na uendelee kuvuta choki asubuhi.

Watu wanasahau kwamba 504 ilikuwa na injeksheni tangu ujana wake: Kugelfischer, ya kimakanika tupu, isiyo na kompyuta. Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 na 504 ya namna hiyo. Hesabu yote ya mafuta ilichongwa kwenye kipande cha chuma chenye umbo la pia, ndani ya pampu iliyozungushwa na injini yenyewe. Kulikuwa na mafundi walioirekebisha kwa sikio, bisibisi imeegemezwa kwenye fuvu, macho yamefumbwa. Waliobaki ni wachache, na pampu zenyewe zinauzwa kwa kilo kwenye vyuma chakavu. Ukikuta 504 ambayo bado inayo, na fundi akakushauri aiondoe akufungie kompyuta, tafuta fundi mwingine.